Cheti cha wazimu hakimtoi mtu

"Wakili, akishaonekana mwehu si ndiyo kesi imekwisha?"

Swali hili linaniandama. Mara ya mwisho niliulizwa bandarini Mkoani, watu wanasubiri boti ya Unguja, na muulizaji alikuwa na jibu lake mfukoni: mtu ameua, jamaa zake watamtafutia daktari, ataandikiwa karatasi, na mwaka hauishi utamkuta barazani anakunywa kahawa. Bandarini nilimjibu kwa neno moja, maana abiria walikuwa wanaitwa. Neno lenyewe ni hapana, na sasa nina nafasi ya kulieleza.

Daktari haamui kesi ya mauaji. Anayeamua ni jaji wa Mahakama Kuu, kwetu sisi wa Pemba pale Chake Chake, na ripoti ya daktari ni ushahidi kama ushahidi mwengine. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ilisema wazi kwamba mahakama hailazimiki kuyakubali maoni ya mtaalamu wa tiba ikiwa ina sababu nzuri ya kuyakataa. Mwaka 1980 ilikuwa imeshatupa rufaa ya mama aliyewapa sumu wanawe na kujitetea kwamba hakuwa na akili zake. Kwa hiyo karatasi hiyo mnayoifukuzia, hata mkiipata, haijafika popote.

Tena sheria haiulizi kama mtu ana maradhi ya akili. Wagonjwa wa akili ni wengi, na wengi wao hawajamgusa hata kuku wa jirani. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara kinauliza jambo jembamba zaidi: wakati ule ule panga linashuka, je, maradhi yalimfanya asielewe anachokifanya, au asitambue kwamba hapaswi kukifanya, au asiweze kabisa kujizuia? Sheria ya Zanzibar imechipua kwenye shina hilo hilo. Kila mtu huchukuliwa kuwa ana akili timamu mpaka ionyeshwe vyengine, na wa kuonyesha ni mshitakiwa mwenyewe. Si lazima avuke shaka yote. Inatosha jaji aone yaelekea ndivyo ilivyokuwa. Lakini huyo jaji atatazama mengi. Panga lilifichwa? Kanzu ilifuliwa usiku ule ule? Majirani walidanganywa? Mtu aliyezika silaha chini ya mgomba ana kazi kubwa ya kueleza vipi hakujua kwamba amefanya ubaya.

Kuna wanaoniambia basi ajifanye. Ajifanye wapi? Bara atapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Isanga, Dodoma. Zanzibar, akiwa wa huku Pemba, atapandishwa boti na askari hadi ile ya Kidongo Chekundu, Unguja. Kule hatazamwi kwa nusu saa. Bara sheria inaipa hospitali siku 42 za kutoa ripoti, na siku zote hizo wauguzi wanaangalia anavyolala, anavyokula, na anavyozungumza na wenziwe akidhani hasikilizwi. Kuigiza wazimu usiku na mchana kwa muda huo, mtu mwenye akili zake hawezi.

Haya, tuseme amefaulu. Jaji ameridhika kwamba kweli hakuwa na akili wakati ule. Hapa ndipo ile hadithi ya barazani inapobomoka kabisa. Uamuzi husema kwamba kitendo alikifanya, ila hana hatia kwa sababu ya wazimu. Hapewi kifungo cha miaka. Anashikiliwa, na jambo lake linapelekwa serikalini. Kwa Bara ni kwa Waziri. Mfungwa wa miaka 20 anajua siku yake. Huyu hana cha kuhesabu. Nchini Kenya majaji wa Mahakama Kuu wamelikemea jambo hili zaidi ya mara moja, wakisema kumweka mgonjwa ndani bila ukomo, mpaka wakubwa wapende, kunagongana na Katiba.

Kipimo chenyewe cha wazimu kina historia ya namna hiyo. Mwaka 1843, London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Wazee wa baraza wakasema hana hatia kwa sababu ya wazimu, mji ukachafuka, na katika ghadhabu hiyo ndipo majaji wakatunga kipimo tunachokitumia mpaka leo. Alitoka? Aliwekwa Bethlem, akahamishiwa Broadmoor, akafa 1865 angali mikononi mwao. Miaka 22.

Na jini? Najua niko Pemba, na sibishani na mtu juu ya ghaibu. Nasema tu kwamba jini haliitwi kizimbani. Kijana anayesikia sauti zikimwamrisha aue, kwao wataita jini na daktari ataita skizofrenia. Mahakamani kinachosaidia ni kwamba kuna daktari aliyemwona. Familia inamzungusha kwa waganga miaka mitano, makombe na mafusho, wakati mwengine kamba miguuni, bila ya kadi moja ya hospitali. Siku akiua, mwendesha mashitaka anauliza swali moja: kama alikuwa mgonjwa, mbona hamkumpeleka hospitali? Kimya. Huyo mganga wenu hawezi kulijibu.

Bangi na unga, msijisumbue. Aliyelewa kwa hiari yake hana utetezi kamili kwa ulevi wake, isipokuwa umemfikisha kwenye wazimu hasa. Na hapo tunarudi Kidongo Chekundu.

Sasa adhabu. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa, na jaji hana pa kuchagua, ingawa Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko Arusha, ilisema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono hivyo kunakiuka haki ya kuishi. Kwa hiyo maradhi ya akili yakisubiri mpaka hatua ya adhabu yamechelewa. Yanasaidia pale kosa linaposhuka kuwa kuua bila kukusudia, ambapo adhabu ni mpaka kifungo cha maisha na jaji ana uhuru wa kupunguza. Uganda ina njia ya katikati kwa mwenye akili pungufu. Bara inayo kwa mama tu, aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12 akili zikiwa zimetibuka kwa uzazi.

La kufanya, haraka haraka. Akikamatwa mgonjwa wenu, semeni siku hiyo hiyo, polisi na kwa wakili. Pelekeni kadi za hospitali, hata zilizochakaa, na majina ya waliomwona akiugua: sheha, mwalimu, jirani. Msizitengeneze. Kama hawezi kufuata kesi yake hivi leo, hilo ni suala jengine kabisa, na wakili ataomba apimwe kabla ya kusikilizwa. Hamna pesa, Kituo cha Huduma za Sheria kina ofisi Chake Chake, na kesi ya mauaji haiendi bila wakili. Akishapelekwa Unguja, mfuateni. Daktari anapoandika kwamba mtu ametulia, ataulizwa atarudi kwa nani, na huko Kidongo Chekundu jina la kuandika mnalo nyinyi tu.