Biashara Bila Mdosi? Cheki Vile Wasee wa Mondragon Wanapambana Sokoni na Bado Wanagawana

Ukiskia usawa, kichwa inakimbia kwa serikali: ichukue kampuni zote, ipange bei ya unga, halafu duka zibaki tupu. Ukiskia soko huria, unaona tajiri mmoja akiomoka na wewe unahesabu coins za fare. Lakini hizo mbili si lazima zipigane, buda. Swali ni mali ni ya nani.

Chukua boda. Wewe na jirani mko stage moja, mnabeba wateja wale wale, bei mnaskizana na abiria. Hakuna mtu wa serikali anawapangia. Ila yeye pikipiki ni yake. Wewe jioni lazima upeleke hesabu ya mwenyewe, upate usipate. Soko ni moja, maisha ni mbili.

Sasa kuja Mondragon, mji mdogo kaskazini mwa Uhispania, kwa Wabaski. Padre José María Arizmendiarrieta alifungua shule ya ufundi huko 1943, na 1956 vijana watano waliopitia hapo wakaanza kuunda stovu za mafuta taa. Leo hiyo mbogi ni vyama vya ushirika kama 80, na wafanyakazi kama 70,000. Wanauza bidhaa kama kampuni yoyote, na wakilala wanachapwa. Tofauti iko ndani: mwanachama anaweka hisa na ana kura moja, awe injinia ama wa kufagia. Wao ndio huchagua kamati inayoandika meneja. Mshahara wa juu kwa kawaida hauzidi mara sita ule wa chini. Linganisha na kwenu kazini, kama roho yako iko strong.

Si eti ni mbinguni. Fagor, kampuni yao ya friji iliyotokana na wale vijana watano, ilianguka 2013. Soko haikuwahurumia, waliokuwa wameweka akiba humo waliumia. Lakini wengi walitafutiwa kazi kwa vyama vingine vya huo muungano, kitu mdosi wa kawaida hawezi kukufanyia. Na viwanda vyao vya ng'ambo, wengi huko ni wa kuajiriwa tu, bila kura. Hapo naona usawa uliishia mpakani.

Huku Kenya sacco pia ni msee mmoja, kura moja. Shida ni nani ameandikwa. Sacco za matatu, mwanachama huwa mwenye gari; dere na makanga wanangoja tu kuambiwa. Ukialikwa ile ya boda, uliza kwanza: wenye kura ni wale wanaendesha, ama wale wanangojea hesabu jioni?