Kabla hujang'oa kabati la jikoni, soma mkataba wako



Kila mwaka siku zinapoanza kuwa fupi, swali moja linarudi ofisini kwetu. Halihusu shule wala Försäkringskassan. Linahusu jikoni. "Dada, makabati yamechakaa, milango inaning'inia, na ikifika alasiri sioni hata ninachokata. Tunaweza kuweka mapya wenyewe? Shemeji ana drili."

Mimi hujibu kwa swali: mkataba wako wa nyumba ni wa aina gani? Wengine wanadhani ninawakwepa. Lakini hapa Sweden makabati ya jikoni ni sehemu ya nyumba, kama ulivyo mlango wa mbele. Kwetu ukihama unaweza kubeba kabati lako kama unavyobeba kitanda. Hapa ukiling'oa umebomoa nyumba ya mtu.

Somo hili familia yangu ililipia. Tulipofika kutoka Nyarugusu, mama alikuta makabati ya juu hayaingizi hata sufuria yake moja. Ni kweli hayaingizi: kabati la juu la hapa huwa na kina cha sentimita 37 hivi, na sufuria ya kupikia watu wanane inataka zaidi. Mjomba mmoja wa kanisani akaja na bisibisi, makabati mawili yakashuka, yakapelekwa stoo ya chini ya jengo, na mama akafungiwa rafu za mbao. Tulifurahi. Miaka minne baadaye, siku ya kuhama, mkaguzi wa mwenye nyumba alikuja na karatasi yake. Yale makabati ya stoo yalikuwa yameota ukungu. Bili ya kuweka mengine, kuziba matundu na kupaka rangi ilizidi krona 14,000, nasi tuliilipa kidogokidogo mwaka mzima. Hakuna aliyetudhulumu. Hatukuuliza, basi.

Kama unapanga

Ukipanga moja kwa moja kwa mwenye nyumba, awe Stockholmshem, Svenska Bostäder, Familjebostäder au kampuni binafsi, nyumba yako inaitwa hyresrätt. Sheria inakuruhusu kupaka rangi, kubandika karatasi za ukutani na kufanya mambo ya aina hiyo kwa gharama yako mwenyewe. Hata hayo, ukiyafanya vibaya na thamani ya nyumba ikashuka, unaweza kudaiwa. Kubadilisha makabati hakumo katika ruhusa hiyo. Ukitaka kufanya hivyo, omba kwa maandishi na usubiri jibu la maandishi, linaloeleza kama siku ya kuhama utatakiwa kurudisha ya zamani. Neno la mdomo la mhudumu wa jengo, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, si ruhusa.

Sasa kuna upande wa pili ambao wengi wetu hatuujui. Matengenezo ni kazi ya mwenye nyumba. Bawaba iliyokatika, droo isiyofunga, kabati la chini ya sinki lililooza kwa maji ya bomba linalovuja: hivyo vyote unaviripoti, yaani unafanya felanmälan, na kama si wewe uliyeharibu hulipi kitu. Uchakavu wa kawaida si kosa lako. Piga picha, andika tarehe, tunza nakala. Akikaa kimya baada ya kuripoti mara kadhaa, unaweza kupeleka ombi Hyresnämnden, ambako kesi haina ada, nao wanaweza kumwamuru atengeneze. Nimekutana na familia zilizotumia akiba yao kununua milango ya makabati ambayo mwenye nyumba alipaswa kuileta bure.

Baadhi ya wenye nyumba hutoa pia kitu kinachoitwa tillval: unachagua milango mipya au mashine ya kuosha vyombo, na pango linapanda kila mwezi. Si vibaya, ila piga hesabu kwanza. Nyongeza ya krona 150 kwa mwezi ni krona 1,800 kwa mwaka, na kwa miaka kumi ni 18,000.

Halafu kuna barua ya ukarabati. Majengo mengi ya Rinkeby, Tensta na Husby yalijengwa kwenye mpango wa nyumba milioni moja, kati ya 1965 na 1974, na umri wa jikoni zake unajulikana. Mwenye nyumba anapotaka kuweka jiko la hadhi ya juu zaidi, na pango lipande, lazima akuarifu kwa maandishi na aombe ridhaa yako. Usipokubali, baada ya miezi miwili anaweza kwenda Hyresnämnden kuomba ruhusa, na huko nawe utasikilizwa. Kutosaini siku ileile si kosa, wala si sababu ya kunyang'anywa nyumba. Mama mmoja alisaini akiwa amesimama mlangoni kwa sababu kijana aliyeleta karatasi alikuwa na haraka. Kijana awe na haraka, wewe chukua karatasi uje nayo tuisome pamoja.

Walio kwenye andrahand, au kwenye nyumba za muda za SHIS, wasiguse kabati kabisa. Warukie sehemu ya taa.

Kama umenunua

Familia kadhaa tunazozijua sasa zina bostadsrätt zao, hongera zao. Lakini hata hapo ulichonunua ni haki ya kuishi katika nyumba. Jengo ni la ushirika. Kutoa kabati na kuweka jingine palepale kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kugusa ukuta unaobeba jengo au kubadilisha mabomba kunahitaji kibali cha bodi, na tangu tarehe 1 Januari 2023 hata kubadilisha mfumo wa hewa kunahitaji.

Hilo la hewa linatugusa sisi wapika dagaa. Katika majengo mengi, nyumba zote zinatumia njia moja ya kutolea hewa. Ukifunga feni yenye mota yako mwenyewe kwenye njia hiyo, unawasukumia majirani moshi na harufu, na mfumo mzima unavurugika. Kuna kofia za kufyonza moshi zisizo na mota, na kuna feni zenye kichujio cha mkaa zinazorudisha hewa safi jikoni. Uliza ushirika wako ni ipi inaruhusiwa kabla hujalipa dukani.

Jengo likiwa la kabla ya 1982, usivunje vigae vya ukutani wala kung'oa sakafu ya zamani bila kupimisha. Huenda gundi yake ina asbesto, na vumbi lake linaua mapafu polepole.

Kazi yenyewe ya kufunga makabati mtu mwenye mkono mzuri anaiweza. Aina ya METOD, inayouzwa IKEA Kungens Kurva na Barkarby, inaning'inizwa kwenye reli ya chuma. Reli ikikaa sawa, mengine yanafuata, kwa hiyo pima maji ndiyo rafiki yako wa siku hiyo. Sakafu za zamani hazilali sawa. Tafuta mahali palipo juu zaidi na uanze kupima kutoka hapo. Kaunta ya kawaida huwa sentimita 90 kutoka sakafuni, na kati yake na makabati ya juu acha angalau sentimita 50. Ukuta wa zege unataka drili ya kugonga. Ukuta wa jipsamu ni hadithi nyingine: skrubu lazima ishike nguzo iliyo ndani, la sivyo siku kabati litakapojaa sahani litashuka nazo. Ukilisogeza jiko la umeme, lirudishe kwenye chuma chake cha kuzuia kupinduka, kinachoitwa tippskydd. Mtoto akikanyaga mlango wa oveni ulio wazi, chuma hicho ndicho kinachomwokoa na sufuria ya moto.

Kwa sufuria zetu, ushauri wangu ni mmoja: sahau rafu za juu, weka droo pana za sentimita 80 chini. Na ukinunua vilivyotumika kwenye Blocket, angalia jina. Milango ya FAKTUM, mfumo wa zamani wa IKEA, haikai kwenye METOD. Vipimo ni tofauti.

Usichofanya mwenyewe ni maji na umeme mpya. Mabomba mwachie fundi bomba aliyeidhinishwa, maana maji yakivuja hadi kwa jirani wa chini, bima itauliza nani alifunga. Umeme ni hivyohivyo: kuhamisha soketi, kuongeza soketi au kuvuta waya mpya ni kazi ya kampuni iliyosajiliwa. Tovuti ya Elsäkerhetsverket ina huduma iitwayo Kolla elföretaget. Andika jina la kampuni uone kama imo. Mwenyewe unaruhusiwa kubadilisha swichi au soketi iliyopo ya hadi ampea 16, na taa iliyopo katika chumba kikavu, ilimradi unajua kazi hiyo na umezima fyuzi. Kama hujui, usijifunzie nyumbani kwa watoto.

Juu ya malipo. Mwenye bostadsrätt anaweza kupata ROT-avdrag, punguzo la asilimia 30 ya gharama ya kazi, si ya vifaa, hadi krona 50,000 kwa mtu kwa mwaka. Kampuni inapunguza kwenye ankara, kisha inajidai kwa Skatteverket. Mtego uko hapa: punguzo linatoka kwenye kodi uliyolipa mwaka huo. Anayeishi kwa etableringsersättning au försörjningsstöd hana kodi ya kupunguziwa. Kodi ya mwaka ikishapigwa hesabu, Skatteverket itakudai wewe urudishe punguzo hilo. Pia lazima ulipe kwa benki au kadi. Fundi anayetaka noti mkononi kwa bei nafuu hakupi punguzo wala risiti, na kazi ikiharibika huna wa kumshika.

Taa

Hapa kila mtu anaruhusiwa, hata wa nyumba ya muda, mradi taa unaichomeka kwenye soketi na unaweza kuondoka nayo. Tena inahitajika. Mwezi wa Desemba jua la Stockholm linachomoza saa tatu kasoro dakika ishirini hivi asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limeshazama.

Kosa la kawaida ni kununua balbu kali zaidi ya darini. Ukisimama kwenye kaunta, taa ya dari iko nyuma yako, na kivuli chako mwenyewe kinalala juu ya ubao wa kukatia. Balbu iwe kali namna gani, kivuli kinabaki. Dawa yake ni taa nyembamba chini ya makabati ya juu. Ibandike karibu na ukingo wa mbele wa kabati, si nyuma ukutani, ili mwanga uangukie mikono yako. Chagua yenye kifuniko cheupe cha kutawanya mwanga; bila hicho, kaunta inayong'aa itakurudishia nukta za mwanga machoni.

Kwenye pakiti soma vitu vitatu. Lumeni ni wingi wa mwanga: balbu ya LED ya lumeni 806 ni sawa na ile ya zamani ya wati 60, nayo inakula kama wati 8 tu. Kelvini ni rangi ya mwanga: 2700 ni ya manjano tulivu, nzuri juu ya meza ya kulia, 4000 ni nyeupe, na mimi naipenda kwenye kaunta, ingawa mama anasema inamkumbusha hospitali. Cha tatu ni Ra, yaani jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi. Tafuta 90 au zaidi. Chini ya taa ya Ra ndogo nyama inayoanza kuharibika inafanana na nzima, na sombe yote ni ya kijivu.

Taa nyingi za makabati zinatumia volti 12 au 24 kupitia kibadilisha umeme kidogo unachokichomeka ukutani. Kipe nafasi ya kupumua, kisizikwe nyuma ya mifuko ya unga. Usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni, na usipitishe waya karibu na jiko. Kama taa haina alama ya CE, iache dukani.

Jikoni za zamani mara nyingi zina taa ya tyubu chini ya kabati, na kuanzia Agosti 2023 tyubu za kawaida za aina hiyo zilipigwa marufuku kuingizwa sokoni katika Umoja wa Ulaya. Yako ikifa kwenye hyresrätt, ripoti kwanza, huenda mwenye nyumba akaweka nyingine. Tyubu iliyokufa ina zebaki, haitupwi kwenye taka za nyumbani. Ipeleke återvinningscentral, kwa mfano Bromma, Sätra, Vantör au Lövsta, na uibebe kwa uangalifu isivunjike njiani.

Ukija ofisini kwa swali lolote kati ya haya, njoo na mkataba wenyewe, na picha za makabati zilizopigwa mchana.