Spika ya Chumbani Haipimwi kwa Kishindo

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, juma hili tuzungumze habari ya spika. Sina maana ya zile za harusini wala za mkutano wa hadhara. Nazungumzia spika ya mtu aliyepanga chumba kimoja, ametoka kazini, amekula, na sasa anataka kusikiliza muziki wake taratibu kabla ya kulala, bila kugombana na mtu.

Mada hii nimeiokota Same. Mji ule umekaa chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na wapangaji wake wengi ni watu wa kuja: walimu, wauguzi, wafanyabiashara, na vijana walioteremka kutoka Mbaga, Chome, Suji na Vudee kutafuta riziki. Wengi wanaishi katika nyumba zile tunazozijua sote: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, kila kimoja futi kumi kwa kumi. Mara nyingi silingibodi haijapigwa, ukuta unaishia kwenye kenchi, na hewa ya juu ni ya wote. Wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha sita anampa pole.

Katika nyumba ya namna hiyo spika inagusa maisha ya watu. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku analala mchana. Mtoto wa chumba cha pili ana mtihani. Nyumba moja niliyofika, majirani wawili walikuwa wamefikishana kwa balozi kwa sababu ya sabufa, na walikuwa hawaamkiani.

Niliingia katika duka moja la vifaa vya umeme pale mjini. Kijana muuzaji akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikaitikia marahaba, nikamwambia nataka spika ya kusikilizia chumbani kwa sauti ya chini. Akanitolea sabufa nyeusi yenye taa za rangi, imeandikwa wati 5,000 kwa maandishi makubwa. "Hii mzee ukiifungulia, mtaa mzima utajua upo." Nikamjibu, "Mwanangu, hilo ndilo ninalolikimbia."

Basi tuanze na hizo wati. Wati ni kipimo cha nguvu ya umeme inayopelekwa kwenye spika. Haipimi uzuri wa sauti. Spika nyingi za nyumbani zikipewa wati moja tu, hutoa sauti ya desibeli 85 hivi kwa mtu aliyekaa mita moja mbele yake. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Muziki wa desibeli 65, unaomtosha kabisa mtu aliyekaa karibu na spika yake, unahitaji takriban sehemu moja ya mia ya wati. Hata pale ngoma inapogongwa kwa nguvu, wati moja haijaisha. Sasa hizo 5,000 ni za nini?

Tena namba zenyewe zina walakini. Geuza boksi nyuma, usome kibandiko kinachoeleza umeme linaotumia. Ukikuta wati 40, jua kwamba chombo kinachokula wati 40 hakiwezi kutoa muziki wa wati 5,000, kama vile ndoo ya lita 20 isivyoweza kumwaga lita elfu. Namba ile ya mbele, ambayo mara nyingi hufuatwa na herufi PMPO, haina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Kila mtengenezaji hupiga hesabu anavyotaka. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kwa ndugu zetu wa vijiji vya mlimani wanaotumia sola, hii ni habari njema: msikilizaji wa taratibu hahitaji betri kubwa.

Jambo la pili ni besi, na hapa ndipo ugomvi wa majirani unapozaliwa. Besi ina tabia mbili. Kwanza, ndiyo inayopenya ukuta. Sauti nyembamba huzuiwa kwa urahisi na tofali, pazia hata nguo zilizotundikwa, lakini besi hupita. Ndiyo maana jirani yako hasikii maneno ya wimbo; anasikia "du, du, du" tu, na hakuna anayefurahia wimbo wa namna hiyo.

Pili, chumba kidogo huikuza besi. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20. Chumba cha futi kumi kina mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa hesabu hiyo kina noti yake kinayoipenda, ya mitetemo kama 56 kwa sekunde. Waya wa pili kwa unene katika gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa mitetemo 55. Na kwa kuwa chumba chetu ni mraba, urefu na upana huitikia noti hiyo kwa pamoja. Kila mpiga besi anapoigusa, chumba kinavuma na noti nyingine zinamezwa. Sabufa ikisukumwa kwenye kona, hali huzidi, maana kona huikuza besi.

Kwa chumba cha futi kumi, basi, tafuta spika ndogo yenye koni ya inchi nne au tano na twita yake juu, isiyo na sabufa. Au kama sabufa ipo, iwe na kitufe chake cha kuipunguza hadi mwisho.

Asikudanganye mtu kwamba udogo huo ni wa wasio na uwezo. Katika miaka ya 1970, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilihitaji spika za kutumia ndani ya magari ya matangazo ya nje ya studio, ambamo fundi hukaa karibu na spika katika nafasi finyu. Wahandisi wake walibuni boksi dogo lililoitwa LS3/5A, kimo chake sentimita 30 hivi, koni yake inchi tano. Halikukusudiwa kutikisa ukuta. Lilikusudiwa kumwezesha fundi kujua kama sauti ya mtangazaji inatoka safi. Hadi leo wapenzi wa muziki wanalitafuta.

Jambo la tatu ni sikio lenyewe. Mwaka 1933, watafiti Fletcher na Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walieleza kwamba sauti ikipunguzwa, sikio la binadamu hupoteza besi kabla ya sauti za kati. Ndiyo sababu wimbo uliokuwa mtamu dukani huonekana umekonda ukiupunguza usiku. Wengi hapo hukimbilia kuongeza sauti. Dawa ni kusogea. Ukitoka mita mbili ukakaa mita moja, sauti inayokujia moja kwa moja kutoka kwenye spika huongezeka kama desibeli 6, na jirani yako haongezewi chochote. Kisha ongeza besi kidogo tu kwa kitufe chake.

Unapokwenda dukani, usikubali kuchezewa wimbo wa muuzaji. Beba wimbo unaoujua kwenye simu au flashi, na umwombe apunguze hadi muweze kuzungumza bila kupaza sauti. Hapo sikiliza: je, maneno ya mwimbaji bado yanasikika? Je, gitaa la solo na la ridhimu yanatengana, au yamekuwa uji? Besi inapanda na kushuka, au inagonga mahali pamoja? Halafu simamisha wimbo, spika ikiwa bado imewashwa. Mvumo au mchakacho ambao mpiga kelele hausikii, wewe msikilizaji wa taratibu utakaa nao kila usiku.

Kisha weka sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Sote tunajua mtu anavyosikika akizungumza, kwa hiyo spika mbaya haiwezi kujificha hapo. Akisikika kama yuko ndani ya pipa, iache. Kwaya nayo ni mtihani mzuri, na Upare wa Kusini, ambako misheni ya kwanza ya Waadventista nchini ilianzia Giti mwaka 1903, kwaya hazikosekani. Jaribu kuifuata sauti ya pili peke yake tangu mwanzo hadi mwisho wa ubeti. Ukiweza kwa sauti ya chini, spika hiyo inafaa. Na kama mapenzi yako ni muziki wa dansi wa zamani, rekodi nyingi za miaka ya 1960 ni za mono. Spika moja nzuri itakufaa kuliko mbili mbovu.

Ukifika nayo nyumbani, iweke mezani, kimo cha sikio ukiwa umekaa, futi moja kutoka ukutani, mbali na kona. Chini yake weka vipande vinne vya ndala kuukuu ili meza isitetemeke. Usiegemeze kichwa ukutani unaposikiliza, kwa sababu besi ya chumba hujaa zaidi kandokando ya kuta. Mkeka sakafuni na pazia zito hupunguza mwangwi wa saruji.

Wako wanaosema hedifoni imemaliza mambo yote. Inasaidia, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri usizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na anayelala nayo masikioni kila usiku hufika huko upesi akipandisha sauti.

Wenzetu wa mlimani nao wasijione wako salama kwa kuwa nyumba ziko mbalimbali. Usiku mtulivu hewa ya bondeni hupoa kuliko ya juu yake, na sauti iliyokuwa ikipaa hupindwa kurudi chini. Muziki wa kijiji kimoja husikika ng'ambo ya bonde.

Nchi yetu inazo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo, zilizotungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Lakini kwa nyumba ya vyumba sita hatuna haja ya kufika huko. Washa spika yako kama unavyotaka kuisikia usiku, toka, funga mlango, usimame mbele ya mlango wa jirani. Ukisikia "du, du, du", rudi ukapunguze besi kabla balozi hajaitwa. Kisha mgongee jirani umuulize kama inamsumbua. Swali hilo halina gharama, na wengi hujibu vizuri wakiulizwa mapema.

Hadi juma lijalo, kwaherini.