Kujiamini kwa Kiongozi

Watu wengi hudhani kwamba kiongozi mwenye kujiamini ni yule asemaye kwa sauti kubwa, asiyeonyesha shaka wala kukubali kuulizwa swali. Dhana hii imo hata katika mabweni yetu. Kiranja akiwa mkali na akaogopwa, husemwa kwamba huyo ndiye kiongozi hasa. Lakini wahenga walikwisha kutuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Basi yafaa tujiulize: kujiamini ni nini, na kwamfaa nini kiongozi?

Kujiamini ni kuijua kazi uliyopewa, kuzijua nguvu zako na upungufu wako, na kwa hiyo kuweza kuamua bila kutetemeka. Asiyejiamini hana uamuzi, maana kila amwambiaye neno humgeuza. Tena hawezi kusikiliza, kwa kuwa kila swali hulihesabu kuwa ni tusi. Majivuno ni kitu kingine. Mwenye majivuno hudhani hawezi kukosea. Kwa nje watu hawa wawili, mwenye kujiamini na mwenye majivuno, hufanana sana. Njia ya kuwatambua ni kutazama wafanyavyo wanapoambiwa "hapana."

Na tutazame mfano wa Mwalimu Julius Nyerere wa Tanganyika, aliyepata kusoma hapa Uganda, katika Chuo cha Makerere, tangu 1943 hadi 1945. Mwezi wa Januari 1958, chama chake cha TANU kilikutana Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa masharti mazito. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Akiacha hata mmoja, kura yake haihesabiwi. Tena hawakuruhusiwa kupiga kura ila wale waliotimiza masharti ya elimu, kipato au kazi. Waafrika walikuwa wengi mno kuliko wengine, na kwao jambo hili lilikuwa dharau. Wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka TANU isusie uchaguzi huo.

Mwalimu naye aliuchukia utaratibu huo. Hata hivyo aliona kwamba TANU ikisusa, viti vyote vitakwenda kwa wapinzani wao wa chama cha UTP, na wao watabaki nje wakilalamika. Alikuwa na umri wa miaka 35. Angaliweza kunyamaza na kufuata hasira za wengi, akapigiwa makofi. Badala yake alisimama akaueleza mkutano neno ambalo wengi hawakutaka kulisikia. Hakuwafukuza waliompinga, walisema yao, naye akajibu hoja kwa hoja. Mwisho mkutano ulikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaanzisha chama chake.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea wa TANU, pamoja na Waasia na Wazungu waliosaidiwa na TANU, walipata ushindi mkubwa. Sharti lililowekwa ili kuwapunguzia Waafrika nguvu likawa ndilo mlango wao wa kuingilia. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi wa Januari 1962 Mwalimu akafanya jambo jingine la ajabu: alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili yeye arudi kukijenga chama. Mtu asiyejiamini hawezi kukiacha kiti kwa muda wa mwezi mmoja, sembuse kumpa mwingine.

Lakini hadithi haiishii hapo, na sehemu iliyobaki ina funzo kubwa zaidi. Katika miaka ya 1960 Mwalimu alifundisha kwamba vijiji vya ujamaa lazima viwe vya hiari. Mwezi wa Novemba 1973 ikatolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wakulima wote wawe wanakaa vijijini. Mamilioni ya watu walihama. Mahali pengine walihamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto. Wengine walipelekwa mbali na mashamba yao. Mwaka 1974 na 1975 chakula kilipungua sana nchini, ingawa ukame nao ulikuwa sababu.

Mtu ni yule yule, na kujiamini kwake hakukupungua. Kilichobadilika ni nini? Tabora alisimama mbele ya watu walioweza kumkatalia, akalazimika kuwaeleza. Mwaka 1973 chama kilikuwa kimoja tu kwa sheria tangu 1965, na mkulima aliyeambiwa ahame hakuwa na mkutano wa kusema "hapana." Ni kweli kwamba mwaka 1977 Mwalimu aliandika waziwazi juu ya makosa yaliyotendeka, jambo ambalo viongozi wachache hulifanya. Lakini kwa aliyekwisha kuchomewa nyumba, maelezo hayo yalichelewa.

Twafundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu naye asiyesikia la wadogo huvunjika, tena huvunja na miguu ya wengine.

Basi ewe kiranja au nahodha wa timu, fanya mambo matatu. Kwanza, ijue kazi yako vizuri kabla ya kusema, maana kujiamini kusikokuwa na ujuzi ni kelele tu. Pili, kabla ya kuamua, mtafute mwenzako asiyekuogopa, umwulize kasoro iko wapi. Tatu, ukiisha kuamua, simama hapo na ueleze sababu zako, hata kama utaitwa mwoga.

Na ninyi ndugu zetu mliomaliza hapa, ambao leo mna ofisi, madarasa na vituo mikononi mwenu, jambo hili lawahusu zaidi. Cheo kikipanda, wanaothubutu kukupinga hupungua, wala si kwa sababu umezidi akili. Ukiona mwezi umepita bila mtu kukukatalia neno, usifurahi. Waite walio chini yako, uwaulize.