Anayekodi karafuu hakodi shina

Mkodi mzoefu wa karafuu akiingia shamba la Gando, wilaya ya Wete, Pemba, shina halimshughulishi. Huinua shingo akauzunguka mti pole pole, macho kwenye ncha za matawi, maana huko ndiko vinakokaa vishada. Mti uliojaa upande wa njiani ukawa mtupu upande wa pili haumdanganyi. Atauliza: msimu uliopita ulizaa? Mkarafuu uliobeba sana mara nyingi hupumzika. Ataitoa hesabuni miti iliyokauka, na mirefu ambayo mchumaji atakataa kuipanda hadi kileleni. Kisha pishi anazokadiria kuchuma anazigeuza kilo, na kila kilo tatu mbichi, kwa makadirio, anazihesabu moja kavu. Kilo hizo anazipiga kwa bei ya ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar, akatoa ujira wa wachumaji, wa wachambuaji, wa mlinzi wa usiku, na gari. Kinachobaki anakipunguza tena, kwa ajili ya mvua, ndipo anapomtajia mwenye shamba bei.

Yote hayo kichwani, karafuu zikiwa bado changa, na fedha hulipwa mapema.

Muulize kinachomnyima usingizi, ataanza na wizi. Atafuata mwenye shamba aliyekwisha kumkodisha mwengine miti ile ile. Halafu magugu: anakuta shamba limefunga, mchumaji hajui aweke wapi mguu. Kwa nini hukulima wewe? Atakushangaa. Yeye ana msimu mmoja tu. Mwenye shamba naye atakwambia fedha ilishakwenda kwenye ada ya shule au harusi tangu siku aliyoipokea.

Hapo ndipo jambo hili liliponing'ang'ania. Mchumaji anayelipwa kwa pishi huvuta tawi limfikie. Likikatika, limekatika pamoja na ncha ambazo zingebeba karafuu za misimu ijayo, na hasara hiyo haimo katika hesabu ya mtu yeyote aliyepo shambani.

Tunaijua historia: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikashika uongozi, baada ya Mapinduzi ya 1964 zikagaiwa eka tatu tatu. Ardhi ni ya umma, eka ina mwenyewe, mavuno yamekodiwa, na mnunuzi ni ZSTC peke yake. Wenye haki ni wengi mno kwa mti mmoja usiokuwa na mlezi. Serikali hugawa miche, lakini mche hutaka miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na mkodi hana sababu ya kuusubiri.

Lipo pia suala la dini, ambalo sina uwezo wa kulikata. Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kupevuka kwake. Lakini karafuu huchumwa ikiwa tumba, ikichanua imeshaharibika. Kupevuka kwake ni lini, basi? Masheikh watufafanulie.

Kwa sasa, wewe unayekodisha msimu huu, nenda na mkodi wako kwa sheha, mwandikishane mambo mawili zaidi ya bei: nani atalima, na nani atalipa tawi likivunjwa.