Goti la Chuma: Hugo Borchardt na Bastola Yake ya Mwaka 1893

Mwaka 1893 mhandisi Hugo Borchardt, mzaliwa wa Magdeburg aliyehamia Marekani angali mdogo, akafanya kazi katika viwanda vya Winchester na Sharps, kisha akarejea Ulaya na kutumikia kiwanda cha silaha cha Budapest, alikamilisha bastola yenye kujipakia yenyewe, ambayo kampuni ya Ludwig Loewe ya Berlin iliitengeneza na kuiuza. Zilitoka takriban 3,000 tu. Hata hivyo, athari yake haijafutika hadi leo.

Kabla yake, mwenye kutaka kupiga risasi mfululizo kwa mkono mmoja alitegemea rivolva, ambayo gurudumu lake huzungushwa kwa nguvu za kidole cha mpigaji mwenyewe. Lakini Hiram Maxim, alipounda rashasha yake katika miaka ya 1880, alikwisha kubainisha kwamba ule msukumo unaoirudisha bunduki nyuma, ambao tangu zamani ulihesabiwa kuwa ni adha tupu, waweza kutumikishwa. Na baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Paul Vieille wa Ufaransa mwaka 1884, kwa kuwa haiachi masizi mengi, iliviwezesha vyuma vidogo vidogo kwenda na kurudi bila ya kukwama.

Borchardt aliitwaa hikima hiyo akaitia katika kiganja. Nyuma ya mtutu aliweka komeo lililoshikwa na vyuma viwili vilivyoungwa kwa bawaba mfano wa goti la binadamu, ambalo likiwa limenyooka hata kishindo cha baruti hakilikunji. Risasi inapofyatuka, mtutu na komeo hurudi pamoja, vikiwa vimefungamana, mpaka goti likutane na mwinamo wa chuma ulioko nyuma. Hapo hujikunja kwenda juu, komeo likaachana na mtutu, ganda tupu likarushwa nje, kisha kamani ikalirudisha komeo likiwa linasukuma risasi mpya mahali pake.

Watazamaji wengi hustaajabia goti hilo, nami siwalaumu, maana ni kazi ya ustadi mkubwa. Lakini kwa maoni yangu fadhila kubwa zaidi ya Borchardt imo ndani ya mpini, ambamo alitia kasha la kuchomolewa lenye risasi 8, ambalo askari wetu huliita magazini. Wala halikuwa jambo la dhahiri: ndugu Feederle, walipobuni bastola ya Mauser huko Oberndorf miaka michache baadaye, waliweka risasi mbele ya kifyatulio.

Aibu ya bastola ya Borchardt ilikuwa umbo. Nyumba ya kamani ilitokeza nyuma kama nundu, uzito ulizidi kilo 1, na mpini ulisimama karibu wima, hata mkono ukachoka upesi. Ilitulia vyema pale tu ilipofungiwa kitako cha mbao na kuwekwa begani. Georg Luger, Mwaustria aliyeitembeza silaha hiyo mbele ya maofisa wa Marekani, ndiye aliyeirekebisha: kamani akaihamishia mpinini, mpini akaulaza, risasi akaifupisha. Uswisi ikaipokea bastola ya Luger mwaka 1900, wanamaji wa Ujerumani mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Jina la Luger likaenea duniani, na la Borchardt, ambaye bila yake Luger asingalikuwa na kitu cha kurekebisha, likabaki kwa wajuzi wachache. Naiona dhuluma hiyo, nami napenda isahihishwe.

Goti lenyewe halikudumu. Lilitaka vyuma vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa na risasi zenye nguvu isiyobadilika, na mwaka 1938 jeshi la Ujerumani lilichagua bastola ya Walther isiyokuwa nalo. John Browning, ambaye bastola yake ilianza kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji mwishoni mwa karne ya 19, hakulihitaji tangu mwanzo. Lakini kasha la risasi aliliweka mpinini, palepale alipoliweka Borchardt.