Mchele upo, mikono haitoshi: Mama anayenyonyesha Kilombero ale saa ngapi?

MPUNGA ukianza kutoa masuke katika Bonde la Kilombero, familia nyingi za Ifakara na vijiji vya jirani huhamia shambani. Kuanzia alfajiri lazima awepo mtu juu ya dungu kuamia ndege, na ndege hawasubiri mtu amalize chai. Mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita naye huwa huko huko, mtoto mgongoni, kopo la kupigia kelele mkononi. Ukimuuliza saa saba mchana amekula nini tangu asubuhi, usishangae akikujibu kuwa ni kikombe cha chai ya rangi.

Wala bonde hili si la njaa. Mchele wa Ifakara unaliwa hadi Dar es Salaam, mto una perege na kambale, ndizi na mihogo vipo. Anachokosa mama huyu ni robo saa ya kuwa na mikono miwili iliyo huru.

Piga hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Akinyonya mara 10, kila mara dakika 25, hizo ni zaidi ya saa nne. Hapo hujahesabu kumcheulisha, kumwogesha, kufua nguo zake na kumbembeleza. Perege mwenye miiba, kitoweo cha kila siku huku, anataka mikono yote miwili na macho yote mawili. Mama mwenye mtoto mapajani huishia kunywa mchuzi na kumwachia mwingine samaki.

Katika siku arobaini za mwanzo hali huwa nafuu. Mama mzazi, mama mkwe au wifi huja, uji wa moto hupikwa, na mzazi huamriwa kula hata asipotaka. Shida huanza wageni wanapoaga. Bibi naye ana shamba lake na ndege wake wa kuamia. Mama hubaki peke yake na moto wa kuni, ndoo ya maji na mtoto, wakati mwili wake unahitaji chakula zaidi ya alipokuwa mjamzito. Anayenyonyesha huhitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, karibu sawa na bakuli dogo la wali kwa maharage na ndizi mbivu moja.

Kinachowadanganya wengi ni afya ya mtoto. Mtoto ananenepa, kadi ya kliniki inapanda, basi nyumba nzima inaamini mama yuko salama. Lakini mama asipokula vya kutosha, mwili huendelea kutengeneza maziwa kwa kuchota akiba yake mwenyewe. Mtoto anakua, mama anakonda na damu inapungua. Wapo wanaosingizia maziwa hayatoshi na kumwanzishia mtoto uji kabla ya miezi sita, wakati aliyepaswa kupewa uji ni mama.

Njia iliyo rahisi ni kuacha kusubiri muda wa kukaa mezani, kwa sababu haufiki. Chakula kiandaliwe usiku, au mapema mtoto akiwa bado amelala, na kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja: viazi vitamu vilivyochemshwa, mihogo, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi. Uji ukiwekwa kwenye chupa ya chai, anaweza kunywa kila anapomaliza kunyonyesha, hata saa tisa usiku. Tahadhari ni moja: uji au supu ya moto isinywewe mtoto akiwa mapajani. Mtoto akirusha teke moja tu, ataungua.

Kiporo cha wali, kifungua kinywa kinachopendwa Kilombero nzima, nacho kina mpaka wake. Wali uliopikwa jana jioni na kukaa kwenye joto hadi leo mchana huweza kuwa na sumu ya vijidudu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa kibanda kisicho na jokofu, kiazi ni salama zaidi.

Mtoto naye anahitaji mahali pa kuwekwa, na hapo bonde hili lina uzoefu. Kuanzia mwaka 1997 mradi wa KINET ulieneza vyandarua vya Zuia Mbu Kilombero na Ulanga, na leo chandarua si kitu kigeni hata kwenye vibanda vya shambani. Mkeka kivulini, chandarua juu yake, mtoto chali, mama hatua mbili pembeni na sahani yake: huo ni mlo kamili.

Bora kuliko chandarua ni baba. Katika nyumba nyingi baba hutengewa kwanza, watoto hufuata, na mama hula kilichobaki akiwa jikoni huku mtoto analia. Kubadili mpangilio huo hakugharimu hata shilingi. Baba ampokee mtoto akishashiba, atembee naye uani dakika 15, na mama ale chakula kikiwa bado cha moto. Baadhi ya wanaume wataona aibu majirani wakiwaona. Aibu hiyo huisha ndani ya wiki.

Kwa walioajiriwa, iwe ofisini Ifakara mjini au viwandani Kidatu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba hupewa angalau siku tatu, ambazo zikitumika jikoni zinafaa kuliko zikitumika kupokea pongezi.

Mkulima hana likizo ya kisheria, ila ana kliniki ya mtoto. Siku hiyo, mama anayesikia kizunguzungu, moyo kwenda mbio au uchovu usioisha kwa kulala amweleze muuguzi na aombe kupimwa damu yake. Ukanda huu una malaria, na damu iliyopungua haisubiri mavuno. Kabla ya kutoka nyumbani afunge viazi viwili kwenye khanga, maana foleni ya kliniki huwa ndefu.